Pepo mbili, darasa moja: shajara ya kupoza darasa, Amu (Lamu)

14 Januari 2025

Naandika haya kwa sababu walimu wawili wa kisiwa cha Pate wameniomba niwawekee kila hatua, pamoja na bei, wapate kuiga au kuepuka. Shule yangu sitaitaja.

Darasa ni la Gredi ya 6, watoto 57. Urefu mita 8, upana mita 6.5, kuta za matumbawe za kimo cha mita 3, na juu ni mabati matupu bila dari. Upande wa kusini kuna madirisha manne, lakini mawili yamepigwa misumari yasifunguke. Nimeuliza sababu, nikajibiwa, "Ndivyo yalivyo." Upande wa kaskazini ni ukuta mtupu. Zamani ulikuwa na madirisha, yakazibwa kwa sababu ya kelele za kichochoro na wapita njia waliokuwa wakichungulia ndani.

Kaskazi inavuma vizuri siku hizi. Chini ya mwarobaini uani mtu anasinzia kwa raha, na hatua kumi kutoka hapo watoto wanajipepea kwa madaftari. Mapangaboi mawili yaliwahi kuwekwa. Moja lilikufa kwa kutu, la pili linateremsha joto la mabati likawatua watoto vichwani. Kamati imekubali tujaribu bila umeme.

21 Januari

Wiki nzima imepotea kwa kipimo cha uongo. Nilinunua kipima hewa ukaa, ile hewa tunayoitoa tukipumua, cha shilingi 2,800, kizuri kwa macho, kinaonyesha namba za rangi. Jumatatu kilisoma 700 darasa likiwa limejaa, nikashangaa kuwa chini hivyo. Jumanne mwalimu wa Kiswahili akaingia kuchukua chaki, buibui lake limefukizwa udi, na namba ikaruka hadi 2,800 kabla hajaufikia ubao. Akatoka, ikashuka. Nikamwomba aingie tena. "Mwalimu, unanipima mimi au hewa?" Ikaruka tena.

Vifaa vya namna hii havipimi hewa ukaa hata kidogo. Ndani yake mna kihisi cha harufu na mivuke, nacho hukisia hewa ukaa kutokana na hiyo. Marashi, rangi mbichi, spiriti, udi, vyote kwake ni pumzi za watu. Kinachotakiwa ni kile kinachopitisha mwanga wa infraredi ndani ya hewa, kwa kuwa molekuli za hewa ukaa huunyonya. Kwenye maelezo ya bidhaa tafuta herufi NDIR. Usipoziona, usinunue. Nimeagiza kimoja kwa shilingi 11,000, kikaja na basi hadi Mokowe, kisha boti.

4 Februari

Vipimo vya kuanzia. Kwanza nilikiweka kipimo kipya barazani, upande unakotoka upepo, kwa dakika 20. Kikasoma 425, yaani sehemu 425 kwa milioni. Hewa ya nje siku hizi iko karibu na hapo, kwa hiyo nakiamini.

Mwisho wa vipindi viwili mfululizo, madirisha mawili yakiwa wazi, kilisoma 1,650. Watoto wakatoka kula, nikabaki nacho. Baada ya dakika 10 kilikuwa 1,020. Ukiondoa 425 ya nje kwenye kila namba unabaki na 1,225 na 595. Logi asilia ya 1,225 ukiigawa kwa 595 ni 0.72. Hiyo ni kwa dakika 10, zidisha kwa 6, unapata kwamba hewa ya darasa hubadilika mara 4.3 kwa saa. Ukizidisha kwa ujazo wa darasa, kisha ukagawa kwa watoto 57, kila mmoja anapata lita 3 na kidogo kwa sekunde. Shirika la Afya Duniani, mwongozo wake wa 2021, lilitaka angalau lita 10 kwa kila mtu.

Hewa ukaa kwa kiwango hiki si sumu. Ni shahidi tu wa kiasi gani cha pumzi za wenzako unazivuta tena. Wazo ni la zamani: Max von Pettenkofer, kule München, aliipendekeza 1,000 kuwa mpaka mwaka 1858.

Joto nalipima kwa vipimajoto viwili. Kimoja ni cha kawaida. Cha pili ncha yake imetiwa ndani ya mpira wa tenisi ya mezani niliopaka rangi nyeusi isiyong'aa. Mpira huu unahisi joto linaloshuka kutoka kwenye mabati kama mionzi, jambo ambalo kipimajoto cha kawaida hakilioni. (Mpira wa kitaalamu ni mkubwa zaidi, sentimita 15. Huu mdogo huvutwa zaidi na joto la hewa, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko unavyosema.) Saa saba na nusu mchana: kivulini nje 31.5, hewa ya ndani 32.4, mpira 36.0. Mabati kwa chini, 58.

Kuna kanuni ya kukadiria joto ambalo watu waliozoea madirisha wazi huliona sawa: chukua wastani wa joto la nje, zidisha kwa 0.31, ongeza 17.8. Kwa wastani wa 28 inatoka 26.5, na wengi huvumilia hadi digrii 3.5 juu ya hapo, yaani 30. Sisi tumo 34, ukichukua kati ya hewa na mpira.

22 Februari

Ukuta wa kaskazini umetobolewa. Matundu manne, kila moja lina matofali 12 ya matundu, chini yake mita 1.9 kutoka sakafuni ili mpita njia asichungulie. Fundi wangu ni mzee aliyetengeneza nyumba nyingi za mawe hapa mjini. Alipoona nimechora matundu ya kuingizia tu akasikitika. "Mwalimu, upepo hauji kuketi kitako. Usipokuwa na pa kutokea, hata kuingia hauingii." Kwa hiyo tukang'oa na misumari ya yale madirisha mawili ya kusini. Naongeza baadaye: nilijiona mjanja sana siku hiyo. Likumbukeni hili, tutalirudia Mei.

Nikamuuliza mbona nyumba za kale za Amu zina baridi na madirisha yake ni ya kuhesabu. Akasema nyumba ile ina ukuta mnene unaochelewa kushika moto, ina kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, na ndani wamo watu saba. "Watie watoto wako hamsini na saba uone."

Gharama: matofali 48 kwa 120, 5,760. Saruji mifuko 4, 3,600. Fundi na msaidizi siku 5, 12,500. Punda, 1,200. Jumla 23,060.

5 Machi

Ramadhani imeingia. Darasa limejaa, madirisha yote wazi, kipimo kinasoma 730. Kutoka 1,650! Nilimpigia simu mwalimu wa Pate nikamwambia kazi imekwisha.

Haijakwisha. Watoto wanasema joto ni lile lile, na mpira mweusi unawaunga mkono: 35.6. Nilichoma udi kipande kidogo chini ya tundu kufuata moshi (safari hii kwa kukusudia). Kaskazi inaingia juu, inapita moja kwa moja juu ya vichwa, inatokea kusini. Hewa imebadilishwa, lakini hakuna mwili ulioguswa. Aliyeketi anahitaji upepo kimo cha mita moja hivi. Mwendo wa mita 0.6 kwa sekunde humwezesha mtu kuvumilia digrii 1.2 zaidi, na mita 1.2 kwa sekunde digrii 2.2. Upepo wetu wote ulikuwa unawapepea buibui wa chini ya mabati.

19 Machi

Tumetia mbao nyembamba za mshazari ndani ya kila tundu, zikielekea chini ili kuuinamisha upepo. Jaribio la kwanza, mshazari ulikuwa mkali mno na hewa ikapungua, kipimo kikapanda hadi 980. Tukalegeza. Sasa kinasoma 790, na karatasi inatikisika mikononi mwa watoto wa safu tatu za kaskazini. Safu mbili za kusini bado hazipati. Shilingi 6,400, ikiwemo mbao tulizoharibu.

9 Aprili

Likizo. Tumehamia kwenye mabati. Nilikuwa na wazo nililolipenda mno: tanga kuukuu la jahazi, la mardufu nzito, litandazwe chini ya mabati liwe dari. Ni jeupe, linapumua, limeshazoea chumvi. Nilinunua moja kwa 3,500, kulabu 900. Lilipendeza kama hema la harusi.

Lilidumu usiku mmoja. Tulikuwa tumeufungulia upepo njia ndani ya chumba, kisha tukatundika tanga katikati ya njia. Likajaa, likavuta, likang'oa kulabu sita na kupasuka katikati. Fundi alilitazama asubuhi, akasema, "Yeo (leo) shule ilitaka kwenda Mombasa." Mwalimu mkuu amecheka, mweka hazina hajacheka.

17 Aprili

Jaribio la pili la mabati, la bei rahisi: kuyapaka chokaa juu. Chokaa nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto. Shilingi 2,100, vijana wawili, asubuhi moja. Saa saba na nusu mabati kwa chini yalikuwa 44 badala ya 58. Furaha tele.

6 Mei

Shule imefunguliwa, kusi imeshika, mvua imeanza. Mambo matatu yametupata kwa siku moja.

Kwanza chokaa. Haishiki vizuri juu ya mabati ya zinki. Mvua ya kwanza kubwa iliiosha, na maji ya paa letu huingia kwenye tangi la lita 5,000 ambalo watoto hunywa. Maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Si jambo la mzaha, maji ya chokaa ni makali kwa koo na tumbo. Tumelimwaga tangi zima, tumelisugua, tumekata bomba la mfereji hadi paa lioshwe na mvua kadhaa. Shilingi 1,800, na kwa siku nne watoto walibeba maji kutoka nyumbani. Anayevuna maji ya mvua, awe na tangi au jabia (birika la kuhifadhia maji ya mvua), asipake paa chokaa kabla hajapanga maji ya mvua za mwanzo yamwagwe nje.

Pili, mvua ya kusi huja kwa ubavu. Madirisha ya kusini yalilowesha safu ya mwisho na kabati la vitabu. Kabati tumelihamisha. Kwa madirisha tumeongeza vipenu vifupi kwa vipande vya mabati vilivyokuwa stoo, bila gharama.

Tatu ndilo kubwa. Saa nne kasoro asubuhi darasa lilijaa moshi. Jiko la shule liko kusini, mita 14 kutoka dirishani, na hupikia kuni. Kaskazi ilikuwa ikiuchukua moshi kwenda zake. Tulipopima Machi ulikuwa Ramadhani, jiko lilikuwa baridi. Sasa kusi inausukuma moja kwa moja ndani, na mimi nimeutengenezea njia nzuri ya kupita: dirisha la kusini hadi tundu la kaskazini, bila kizuizi.

Yale madirisha mawili yaliyopigwa misumari ndiyo yanayotazamana na mlango wa jiko. Mpishi, Bi mkubwa aliyekaa hapa kuliko sote, akaniambia, "Aliyeyapiga misumari ni mwalimu aliyestaafu, mwanangu. Ungeniuliza mimi ningekwambia." Nilikuwa nimeuliza ofisini tu.

20 Mei

Nimenunua kipimo cha vumbi laini la moshi, 5,200. Alfajiri ya kwanza kilisoma 46 uani, hakuna jiko wala taka inayochomwa. Nilihangaika hadi nikagundua ni unyevu. Vipimo vya bei hii huhesabu chembe kwa mwanga, na unyevu ukizidi asilimia 80 chembe za chumvi ya bahari huvimba kwa maji, zikaonekana kubwa kuliko zilivyo. Ufukweni haikwepeki. Sasa sichukui namba moja peke yake. Napima ndani, naenda upande unakotoka upepo napima, narudi ndani. Tofauti ndiyo ninayoandika.

Saa nne asubuhi: ndani mikrogramu 162 kwa kila mita ya ujazo, nje upande wa upepo 21. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wastani wa saa 24 ni 15. Kwa hewa ukaa darasa hilo hilo, dakika hiyo hiyo, lilisoma 690. Ningekuwa na kipimo kimoja tu ningeandika kwamba hewa ni safi.

Tumejengea jiko dohani ya mabati, shilingi 7,200.

11 Juni

Dohani ya kwanza ilishindwa. Tuliipandisha mita moja juu ya paa la jiko tukadhani inatosha, lakini ilikuwa bado chini ya mgongo wa paa la darasa. Kusi ikigonga paa lile upepo huzunguka, huteremka nyuma na mbele yake, na moshi wote ukateremshwa tena uani. Ndani: 118.

Tumeongeza mita 2.2 na waya tatu za kuishikilia, shilingi 3,100, ikaupita mgongo wa darasa. Bi mpishi naye akatoa dawa yake isiyo na bei: kuni zikaushwe wiki tatu chini ya kipenu, na moto wa kwanza, ule wenye moshi mwingi, uwashwe kabla watoto hawajaingia darasani. Sasa saa nne: ndani 39, nje 22. Sijui ni dohani iliyofanya kazi zaidi au ni kuni kavu, kwa sababu tulianza vyote wiki moja. Kosa langu la kupima, lakini sikutaka watoto wavute moshi wiki nyingine ili nipate jibu.

8 Julai

Mabati, jaribio la tatu. Majamvi kutoka Matondoni, makubwa ya kusukwa kwa miyaa, kumi kwa 1,400 kila moja. Tumeyafunga chini ya fito 60, si kwa kulabu za chuma bali kwa kamba za makumbi kila sentimita 40, kwa hiyo hayajai upepo. Tumeacha nafasi ya sentimita 20 kati ya jamvi na mabati, wazi pande zote mbili, hewa moto ipite juu ya jamvi itoke. Nyaya za taa zimeshushwa chini ya jamvi, mbali nalo. Jamvi linawaka, usiache waya uliochubuka karibu.

Gharama: majamvi 14,000, fito 4,800, kamba na misumari 1,100, siku mbili za kazi 5,000. Jumla 24,900.

Julai ni baridi kwetu, kwa hiyo kulinganisha na Februari ni kujidanganya. Nimepima darasa la jirani, la ukubwa ule ule, lisilo na jamvi wala matundu, saa ile ile. Nje 28.4. Mpira kwa jirani 32.1. Mpira kwetu 29.5.

30 Septemba

Siku niliyokuwa nikiingoja. Mwisho wa Septemba adhuhuri jua la Amu liko utosini kabisa, halina pa kujificha. Nje 29.6, kwa jirani 34.2, kwetu 31.0. Bado ni digrii kadhaa juu ya nilivyotaka, lakini kuna upepo, na hesabu ya upepo inafuta sehemu ya hizo. Hewa ukaa 720, yaani lita 13 hivi kwa kila mtoto. Mwalimu wa Gredi ya 5, jirani, ameacha kunicheka na ameanza kuuliza bei.

Bei yote hadi leo: vipimo 20,450 (pamoja na kile cha uongo, vipimajoto, mipira na rangi), ukuta 23,060, mbao za mshazari 6,400, tanga 4,400, chokaa na tangi 3,900, majamvi 24,900, dohani 10,300. Jumla 93,410. Katika hizo, 11,100 ni ada ya ujinga: kipimo cha udi, tanga na chokaa. Pate wanaweza kuanza bila hizo, na vipimo nitawaazima.

14 Oktoba

Mambo madogo. Mijusi wamehamia juu ya majamvi, vinyesi vinadondoka kwenye meza ya tatu. Misumari miwili ya vipenu imeshaota kutu, nabadilisha kwa kamba. Matundu mawili ya kaskazini nilikuta yamezibwa kwa magunia kutoka nje. Ni jirani wa kichochoroni, anasema watoto wanapokariri majedwali ya kuzidisha mgonjwa wake hapati usingizi. Nimekwenda kumwona, tukanywa kahawa. Tumekubaliana hesabu ihamie vipindi vya asubuhi, na magunia yatoke.

Safu mbili za kusini bado hazijaonja kaskazi. Fundi anataka tutoboe tundu moja la chini, kimo cha goti, kwa mbao zisizochungulika. Tumetia alama ukutani kwa mkaa, tunangoja Desemba tuone upepo unapogonga kabla hatujachukua nyundo.